Tone la Damu Kabla ya Tarehe

Pande la barafu lilimponyoka Anselmo begani, likatua katikati ya ndoo ya maua ya Leonisa, maji yakaruka mpaka kifuani pake. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi katika soko la Carbon, mjini Cebu, upande wa maua, saa ambayo watu wa harusi na watu wa msiba hugombania mayungiyungi yaleyale.

"We kaka, hayo ni macho au vifungo vya shati?" Leonisa alifoka. Gauni lake la manjano lilikuwa limemganda mwilini, akanyakua shada la maiti akajisitiri nalo.

"Nisamehe, dada. Barafu imeona uzuri, ikalegea yenyewe."

"Maneno ya kuokota hayo. Haya, kitendawili!"

"Tega!"

"Ninaye mgeni, nikimkumbatia analia, nikimwacha juani anakwisha."

"Barafu! Si ndiyo kazi yangu?"

"Umekosa. Ni mwanamume wa soko hili. Nipe mji."

Wapagazi waliangua kicheko mpaka mmoja akakalia kapu la watu. Anselmo hakutoa mji, alitoa namba ya simu. Baada ya miezi sita walifunga ndoa, na maua ya kanisani bibi harusi aliyafunga kwa mkono wake.

Walipanga chumba kimoja cha mbao, juu ya duka la samaki wakavu la Basilisa, mama yake Anselmo. Mwanamke huyo alikuwa na ulimi wa kuparuza magamba. Mwaka wa kwanza alingoja mjukuu. Wa pili akauliza. Kufika wa nne, alikuwa akiwaambia wateja kwa sauti ya kupenya sakafu, "Wengine wanauza maua jamani, maana matunda hawana."

Leonisa alimeza. Kila mwezi alihesabu siku zake kwa penseli kwenye kalenda ya kanisa, na kila mwezi damu ilifika siku ileile. Isipokuwa mwezi huo. Safari hii ilitangulia siku nne. Ilikuja kidogo tu, matone mepesi ya rangi ya waridi yaliyogeuka kahawia, siku moja na nusu, ikakatika.

"Imekuja mapema, inanikimbilia," alimwambia mumewe, machozi yakimlenga.

"Usilie, Nisa wangu. Mwezi ujao upo."

Wanangu, ni mgeni gani aingiaye nyumba asiyowahi kuiona, akajishikiza ukutani, tone likadondoka, na mwenye nyumba akadhani amepata hasara? Mtoto huyo. Ile haikuwa hedhi. Ilikuwa mimba changa inatafuta pa kushika, na Leonisa akaiandika kwenye kalenda kama msiba.

Dalili nyingine zilikuja moja moja, nazo hakuzisoma. Matiti yalimuuma akifunga sidiria. Mayungiyungi aliyoyazoea tangu utotoni yakaanza kumnukia kama panya aliyekufa. Na haja ndogo ilimwamsha mara tatu kabla ya alfajiri, na kwa kuwa chumba ni chembamba na Anselmo amelala upande wa mlango, kila mara alimruka.

Hapo ndipo balaa lilipoingia. Cebu hakuna asiyejua kwamba mwenye mimba changa akimruka mumewe usingizini, kichefuchefu humhamia mume. Wiki mbili baada ya yale matone, Anselmo alitapika mbele ya wanunuzi wa ngisi. Kesho yake akataka ukwaju mbichi kwa uduvi uliochachushwa. Keshokutwa yake wakamkuta amelala fofofo juu ya magunia ya barafu.

"Amesharukwa huyo!" Berto mpagazi alipiga makofi. "Dada Leonisa, hongera! Mimba unabeba wewe, matapishi anabeba bwana!"

Soko zima likamgeukia. Leonisa, mwenye kalenda yake kichwani, akasema ukweli aliokuwa nao. "Sina mimba. Mwezi wangu nimeuona juzijuzi."

Kicheko kikakatika. Basilisa, aliyekuwa akipita na kapu la samaki, akalitua chini. "Basi mwanangu karukwa na mwingine," alisema polepole, akilamba kila neno. "Mungu si Athumani. Kumbe mjukuu ninaye, ila yuko nyumba nyingine."

Jioni hiyo Leonisa alimvaa mumewe mlangoni.

"Niambie jina lake."

"Jina la nani? Nisa, mimi naumwa tumbo!"

"Tumbo linalotaka ukwaju? Unanifanya mtoto?"

Anselmo akacheka. Alicheka kwa uchovu tu, lakini kicheko hakina maelezo. Leonisa akamtupia nguo zake ngazini, shati moja moja, na Basilisa huko chini akawa anaziokota na kuzihesabia wapita njia kwa sauti.

Anselmo alivuka bahari kwenda mji wa Cagayan de Oro, akapata kazi katika kiwanda cha barafu bandarini. Huko alipiga simu kila siku ya Mungu.

"Halo, mahabuba."

"Mahabuba yako anatapika wapi leo?"

"Hapa hapa kwenye ndoo, mimi mwenyewe. Nisa, nimekonda, suruali naifunga kwa kamba."

"Mwambie akupunguzie. Amekuruka mara nyingi mno."

"Ukilitaka sana hilo jina," Anselmo alilipuka, "nitakutafutia mwenye jina!"

Leonisa akakata simu, na siku kumi hakuipokea tena.

Tarehe ya mwezi uliofuata ilifika kwenye kalenda, damu haikuja. Ikapita siku ya tatu, ya tano, ya saba. Mtu aliyekata tamaa miaka minne huogopa tumaini kuliko nyoka, naye hakuthubutu hata kuliwaza. Akateleza tu mbele ya mkwewe, akasema amechelewa, na kwamba mwezi uliopita yalikuwa matone tu.

"Si nilijua," Basilisa alisema. "Matone mawili yale, ndiyo mwezi gani? Iliyobaki imeganda kwa hasira zako. Tumbo lenye damu iliyoganda halizai hata umlete mfalme." Akamletea birika la mizizi michungu, akasimama juu yake mpaka kikombe kikaisha. Wala hakukusudia kuua. Alikuwa akilisafisha tumbo, ili siku moja limzalie mjukuu.

Leonisa alikunywa siku tatu. Siku ya nne kiuno kikakaza, damu ikachungulia. Akajikongoja mpaka zahanati kwa mkunga Teodora, mama mnene aliyezalisha nusu ya mtaa. Teodora akapima mkojo, akatazama mistari miwili, akamtazama mgonjwa.

"Mwanangu, una mimba."

"Haiwezekani, mama. Niliona damu."

"Nyingi?"

"Matone. Siku nne kabla ya tarehe."

"Ndiye huyo, alikuwa anashika ukuta. Umekunywa nini?"

Leonisa akataja birika. Teodora akafumba macho kidogo, kisha akamlaza kitandani hapo hapo zahanati. "Usinyanyue hata ndoo. Wengine hushika. Kesho asubuhi nitakutazama tena."

Akiwa chali, Leonisa alipiga simu Cagayan.

"Anselmo." Akaibana simu sikioni. "Ni mimi. Niliyekuruka ni mimi, kila usiku, nikienda kukojoa."

Upande wa pili mwanamume mzima akalia kwa kwikwi kati ya mashine za barafu. "Nilikuambia, mshenzi wangu mpenzi, nilikuambia!"

"Nilikunywa dawa ya mama yako. Mkunga anasema tungoje."

"Atashika. Ana kichwa kigumu kama mamake. Nimetoka kutapika sasa hivi, unasikia? Nitatapika mpaka azaliwe, na sitalalamika! Nakuja na meli ya jioni."

"Njoo, laazizi. Nisamehe."

"Nilishakusamehe zamani. Lala."

Kulipokucha, mkunga alikuwa bado hajafika. Leonisa alikuwa kitandani palepale, amefunga mapaja, akihisi joto likiteremka, akijiambia kwamba ni jasho. Simu ikalia.

"Nisa! Meli inaingia Cebu, naliona soko kabisa!" Anselmo alikuwa akipiga kelele za furaha, nyuma yake abiria wakisukumana na mabegi. "Na mwenzio nimeamka na njaa ya simba! Nimekula sahani mbili za wali na samaki wa kukaanga, na vyote vimetulia. Tumbo limenyooka, kichefuchefu hakipo hata chembe. Nimepona, mpenzi, nimepona kabisa! Unanisikia?"

Leonisa alikuwa akimsikia. Aliweka mkono tumboni, akatazama mlango ambao mkunga angeingilia.

"Nakusikia," alisema. "Na samaki wamebaki?"

"Wamebaki, tele!"

"Basi kula tena, mume wangu. Kula ushibe kabla hujashuka."