Mahindi Mia Mbili na Matatu

Kila asubuhi kabla ya kengele kulia, Nyaguthii alizunguka nyuma ya darasa la sita akiwa na daftari kwapani na fimbo ndefu mkononi. Fimbo hiyo ilichorwa mistari ya futi na inchi. Huko nyuma kulikuwa na vipande viwili vya mahindi, vyenye ukubwa sawa, na kazi yake ilikuwa kupima urefu wa mabua na kuuandika. Umande ulimlowesha hadi magotini. Wenzake walimcheka na kumwita Daktari wa Mahindi. Yeye aliendelea kuandika.

Ulikuwa mwaka wa 1971. Shule yao ilikuwa ndani ya shamba kubwa karibu na mji mdogo wa Ziwa, kaskazini mwa Eldoret. Baada ya uhuru, familia sitini kutoka Nyeri zilikuwa zimeungana katika chama kimoja, zikalinunua shamba hilo kutoka kwa setla wa Kizungu na kuligawana. Wazazi wa Nyaguthii, Ephantus na Mwihaki, walikuwa miongoni mwao.

Vipande vile viwili vilikuwa vya utafiti. Bi. Leonida, mtafiti wa mbegu kutoka mjini, alikuja shuleni na swali moja: je, mkulima akivuna mahindi chotara, yale yaliyozalishwa na wataalamu, anaweza kuyapanda tena mwaka unaofuata na kupata mavuno yale yale? Kipande cha kwanza kilipandwa mbegu mpya ya chotara. Cha pili kilipandwa mbegu iliyochaguliwa kutoka mavuno ya chotara ya mwaka uliopita. Aliyeichagua alikuwa Ephantus mwenyewe.

Ephantus alijulikana shamba zima kwa jicho lake la mkulima. Juu ya meko yake yalining'inia mahindi makubwa yenye mistari ya punje iliyonyooka. Alikuwa ameahidi kumpa kila mwanachama mbegu bure.

"Setla alituambia hatuwezi kulima bila yeye," alipenda kusema. "Tumelima. Sasa tuambiwe hatuwezi hata kuwa na mbegu yetu wenyewe?"

Watu walimshangilia, na Nyaguthii naye alijivunia baba yake. Lakini fimbo yake ilisimulia habari nyingine. Katika kipande cha kwanza mabua yalilingana kama wanafunzi kwenye gwaride. Katika cha pili, hili lilikuwa refu, lile fupi, na jingine halikuzaa kabisa.

Ijumaa moja mwezi wa Novemba walivuna. Nyaguthii alihesabu mahindi yote kwa mkono, mawili mawili: kipande cha kwanza mia mbili kumi na manne, cha pili mia mbili na matatu. Aliandika kwa wino. Kila rundo likawekwa kwenye kona yake katika ghala la shule, kusubiri kupimwa uzito kesho yake mbele ya wanachama wote.

Jioni hiyo, alipokuwa akiwapa ndama maji, baba yake alimwita. Mbele yake kulikuwa na kikapu kilichojaa mahindi makubwa.

"Nimepita ghalani," Ephantus alisema kwa sauti ya chini. "Lile rundo letu ni dogo. Mvua ya mawe iliharibu upande ule. Peleka kikapu hiki, umwage pale. Ni kurekebisha tu."

Nyaguthii aliweka ndoo chini. Mvua ya mawe ilikuwa imepiga vipande vyote viwili. Alijua, na baba yake alijua.

"Sipeleki, Baba."

Mwihaki, aliyekuwa akichambua maharagwe mlangoni, aliacha kazi na kumtazama binti yake.

"Umesema nini?" Ephantus aliuliza.

"Sipeleki. Hayakutoka kwenye kile kipande."

"Wewe unakula kwa nani katika boma hili?"

"Kwako, Baba. Na kama mbegu hii haizai vizuri, mwakani sote tutakula nini?"

Ephantus alichukua kikapu, akaondoka.  Mwihaki alimsogezea binti yake kigoda, wakachambua maharagwe pamoja.

Kesho yake wanachama walijaa uwanjani. Mwalimu Khisa alikuwa ametundika mizani kwenye mti wa goli. Mwenyekiti wa shamba, Mzee Mburu, aliketi mbele na kofia yake magotini. Rundo la kwanza lilipimwa: ratili mia moja ishirini na moja. La pili: ratili mia moja na kumi na tano.

"Tofauti ya ratili sita!" Mzee Mburu alicheka. "Hata panya hula zaidi ya hapo. Tutapanda mbegu ya Ephantus."

Makofi yalilipuka. Bi. Leonida alikunja uso huku akipekua daftari.  Nyaguthii alisimama.

"Rundo la pili lihesabiwe tena."

"Mtoto anasimama mbele ya wazee?" mwenyekiti aliuliza. "Keti chini."

"Siketi, Mzee. Jana nilihesabu mahindi mia mbili na matatu. Yakiwa zaidi, mengine hayakutoka hapa. Nikikosea, niadhibiwe mbele ya kila mtu."

Minong'ono ikapita uwanjani. "Ni nani huyu asiye na adabu?" sauti moja iliuliza. Nyaguthii hakumtazama baba yake. Aliukazia macho mti wa goli.

"Ahesabu," alisema Mwalimu Khisa. "Hakuna ubaya wa kuhesabu."

Walihesabu kwa sauti, wazee na watoto pamoja. Mia mbili na matatu yalipofika, bado palikuwa na mengi chini. Mwisho ulikuwa mia mbili sitini na moja.

 Mzee Mburu alisimama. "Ni nani aliyeongeza?"

 Nyaguthii alikuwa amesema ukweli wa daftari. Jina hilo hakutaka litoke kinywani mwake. Kabla hajaulizwa, Ephantus alisonga mbele, kofia mkononi.

"Ni mimi," alisema. "Nilimtuma huyu jana akakataa. Nikaenda mwenyewe."

Ephantus alipoyachagua na kuyaondoa yale hamsini na manane, rundo la pili lilishuka hadi ratili themanini na sita. Watu waliguna. Bi. Leonida alieleza kwamba chotara huzaliwa na wazazi wawili waliochaguliwa kwa makini; ukipanda watoto wake, nguvu ile hupungua, na kila bua hufuata njia yake. "Jicho la Mzee Ephantus ni zuri," aliongeza, "lakini hindi kubwa halikuonyeshi litakachozaa. Ndiyo maana tunapima. Siku mtakapotaka kuzalisha mbegu yenu wenyewe, njooni mjini tuwafundishe."

Mzee Mburu alikubali kwamba mwaka unaofuata wapande mbegu mpya. Kisha akamgeukia Ephantus, kama anayemsubiri ajitetee.

Ephantus hakujitetea. Alimwita Nyaguthii asimame kando yake.

"Niliona aibu ya rundo dogo," aliwaambia watu, "nikawa tayari familia sitini zipande njaa ili mimi nisifiwe. Mtoto wangu amenikatalia nyumbani, na hapa amekataa mbele yenu nyote. Nilidhani ni ukaidi."

Akawageukia wanafunzi waliokaa kwenye nyasi. "Nanyi sikieni. Mkubwa akikutuma kazi, nenda mbio. Akikutuma uongo, kataa, hata akiwa baba yako. Mwambie kwa heshima, lakini usisogeze mguu."