Kilo Sabini na Moja

Haya sikusimuliwa na jirani wala sikuyaokota sokoni. Yalitokea mlangoni pa jiko langu, Alhamisi saa tisa alasiri, jua linawaka na nguo zangu zinakauka kwenye kamba. Anayetaka kucheka acheke. Mimi nilishamaliza kucheka mwaka jana.

Kaka yangu ni fundi mizani. Huzunguka madukani na kwenye mashine za kusaga akirekebisha mizani za watu, na kwa kazi hiyo mtaa mzima humwita Gramu. Akija kula kwako atakwambia chumvi imezidi kiasi gani. Siku hiyo alikuja na ramani, daftari na mizani yake ya kuning'iniza, ile yenye kulabu chini na uso wa saa, akaitundika kwenye boriti ya mlango wa jiko bila hata kuomba. Nyumba ni yangu, lakini Kaka ni Kaka.

Walikuwa wanapanga safari, yeye na binti yangu. Ijumaa wafike chini ya mlima, Jumamosi wapande na kuufuata mgongo wake kwa saa tisa, walale kwenye kijibonde kati ya vilele viwili, Jumapili washukie upande wa pili. Njia hiyo haina maji wala kivuli, na kuna mahali unapita una korongo kulia na korongo kushoto. Binti yangu alikuwa amepiga magoti juu ya kiti, kidole kwenye ramani, anauliza ukungu hushuka saa ngapi. Ana miaka ishirini. Alitaka kupaona mahali baba yake alipobaki.

Ndiyo, mume wangu alibaki huko. Mwaka jana walipanda wawili, yeye na Kaka, akarudi mmoja. Kaka alituambia baridi ilimzidi, akafia mikononi mwake huku akinitumia salamu. Waokoaji walimtafuta siku nane, wakakuta mvua imeporomosha ukingo mzima. Nikakaa msibani bila maiti, napokea pole za kaburi ambalo halikuchimbwa.

Na kuna jambo ambalo sijawahi kumsamehe. Kaka ana sheria yake: begi la mtu lisizidi robo ya uzito wake. Mwaka jana alimpima mume wangu akiwa na soksi tu, kilo sabini na moja, kisha akapima begi lake, likazidi kwa kilo mbili. Akatoa blanketi zito. Akasema sheria ni sheria, shemeji, na wote wawili wakacheka. Mimi niliona nikanyamaza, kwa sababu sikutaka kuonekana mke mwenye kimbelembele. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo safari hii niliikataa wiki tatu nzima. Nililia, nilinuna, nikaficha viatu. Binti yangu ana kichwa cha baba yake. Akasema ataenda, niridhie nisiridhie. Nikabaki nimesimama jikoni namenya viazi, nikiwatazama wakipanga kunichukulia wa pili.

Kaka akatundika begi la binti. Kilo kumi na mbili. Binti ana hamsini na nne, robo yake ni kumi na tatu na nusu, kwa hiyo Kaka alifurahi, akaandika kwenye daftari. Walipoirudia ramani nikasikia boriti inalia. Mshale ulikuwa kwenye kumi na tano.

Kaka akamuuliza binti ameongeza nini. Hakuwa ameongeza kitu. Akatoa sufuria. Kumi na sita. Akatoa kamba na chakula cha siku moja. Kumi na tisa. Binti akacheka, akasema kweli mganga hajigangi. Kaka hakucheka. Alichomoa jiwe lake la kupimia, lile la kilo tano asiloachana nalo, akalitundika peke yake. Tano kamili. Akalirudisha begi. Ishirini na mbili.

Wakatoa kila kitu. Hema, nguo, tochi, sabuni, vyote vikajaa mezani pangu. Kaka akaligeuza begi ndani nje, akalikung'uta. Likatoka vumbi tu. Akalitundika tena, tupu, limesinyaa.

Mshale ukapanda. Taratibu. Thelathini. Arobaini na tano. Boriti ikaanza kupinda. Sitini. Mikanda ya begi ikakaza, ikatuna, kana kwamba kuna mabega ndani yake. Sabini.

Ukasimama kwenye sabini na moja.

Kisu kilinianguka. Kaka alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, uso umempauka.

"Alikuwa anapumua," alinong'ona.

"Nani?"

"Shemeji. Nilipomwacha."

Begi likageuka kwenye kulabu, likamwelekea yeye. Upepo haukuwepo.

Akaeleza bila kuondoa macho pale mlangoni. Hakukuwa na salamu yoyote. Mume wangu aliishiwa nguvu asubuhi ya siku ya pili, anatetemeka, hawezi kusimama, anaomba asiachwe. Kibanda cha walinzi kilikuwa chini, mwendo wa saa tatu. Kaka akakaa juu ya jiwe, akapiga hesabu.

"Sabini na moja, mdogo wangu," alisema. "Mimi robo yangu ni ishirini."

Binti yangu akaketi sakafuni, mkono mdomoni. Mimi sikupiga kelele. Nilikuwa na hasira ya mwaka mzima na sikujua kumbe nilikuwa namtunzia ndugu yangu wa tumbo moja.

"Basi mbebe," nikasema.

Alinitazama akidhani ni maneno ya uchungu tu. Nikayarudia.

Akalishusha begi kwa mikono yote miwili. Akapiga magoti ili alivae. Alijaribu kuinuka mara tatu ndipo akaweza. Mikanda ilizama mabegani mwake, na begi lenyewe lilikuwa bapa mgongoni. Alipopita kwa mshona viatu, jirani yetu, akataniwa kwamba leo Gramu amebeba hewa. Kesho yake mshona viatu aliniita nione nyayo kwenye udongo mkavu, zimezama kina cha kidole, akaniuliza kaka yangu siku hizi anakula nini.

Binti hakwenda popote. Hilo angalau nililipata. Nilijiambia Kaka anampeleka mume wangu kule juu akamlaze vizuri, ampangie mawe, yaishe. Simu yake haikupatikana Ijumaa. Jumamosi vilevile.

Alirudi Jumapili adhuhuri, amejikunja, soli za viatu zimepasuka, nywele zimelowa ilhali kwetu mvua haikunyesha. Hakubisha hodi. Alipita sebuleni akaingia moja kwa moja chumbani kwangu. Nikasikia anahema, kisha kimya. Alipotoka, begi lilikuwa linaning'inia kwenye kidole kimoja.

"Nimemleta," alisema.

Akaketi kwenye ngazi ya mlango, akaomba maji. Sikumpa. Mungu anisamehe, sikumpa, na tangu siku ile hajarudi kwangu wala mimi sijamtafuta.

Nilimwambia ambebe. Sikumwambia ampeleke wapi.

Binti ndiye aliyetangulia kuingia chumbani. Akaniita kwa sauti ya chini, akasema, "Mama, njoo uone kitanda." Nilikuwa nimekitandika asubuhi kwa mikono yangu mwenyewe. Upande wa ukutani, upande wa mume wangu, godoro lilikuwa limebonyea urefu wa mtu mzima, na mto ulikuwa na alama ya kichwa. Shuka lilikuwa baridi la kuuma vidole. Tukasimama tukisubiri godoro liinuke. Halikuinuka.

Nimeligeuza. Nimenunua jingine. Seremala amekuja mara mbili kubadilisha chaga zilizovunjika upande ule ule, na mara ya pili akaniuliza ni nani mzito namna hii katika nyumba ya wanawake wawili. Nikamwambia ni mume wangu. Akanipongeza kwa kuolewa tena, akaendelea kupigilia misumari.

Siku hizi mimi nalala kwenye kochi sebuleni. Leo asubuhi nimeingia chumbani kuchukua kanga, nikakuta upande wangu nao umebonyea.