Felisia Asikilizwe Kwanza

Felisia alikuwa mfanyabiashara wa nguo kutoka Bukoba. Aliishi Guangzhou, nchini China, pamoja na mumewe Didas na binti yao Careen, mwenye miaka tisa. Chumba chao kilikuwa kwenye ghorofa moja nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu.

Kila alfajiri Felisia alikwenda Shisanhang, mtaa wa nguo za jumla. Alijua kuchagua. Alivuta mshono, akageuza blauzi ndani nje, akaitazama kwenye mwanga.

"Laoban, rangi hii inachuja," alimwambia bosi wa duka kwa Kichina chake cha sokoni.

"Meiyou! Hakuna kitu kama hicho!" bosi alikataa.

Felisia alilowesha kidole, akasugua kitambaa. Kidole kikawa chekundu. Wote wawili wakacheka, naye akaletewa robota jingine.

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki walikuwa na chama chao. Walikodi stoo moja chini ya ghorofa ile. Waliweka marobota yao humo, kisha wakayapakia pamoja kwenye kontena kwenda bandari ya Huangpu. Wanachama kadhaa walikuwa na funguo. Lakini msimamizi wa stoo alikuwa Felisia. Yeye ndiye aliyefagia, akapiga deki na kupanga mizigo.

Alhamisi moja alirudi kutoka Shisanhang mchana. Alikuta watu wamejaa mbele ya stoo. Maji yalikuwa yanatoka chini ya mlango. Ndani, bomba la kwenye kona lilikuwa wazi. Sare za shule zimelowa. Magauni ya harusi yamelowa. Nguo za watoto zimechujiana rangi.

Humphrey, mwenyekiti wa chama, alimgeukia.

"Mama Careen, jana jioni nani alipiga deki humu?"

"Mimi, mwenyekiti. Lakini bomba nililifunga."

"Kama ulilifunga, maji haya yametoka wapi?"

Pius, mfanyabiashara mwenzao, alisema, "Mimi nilimwona jana akitoka na ndoo." Watu wakaguna.

Kabla jua halijazama, kundi la chama kwenye mtandao wa WeChat lilikuwa limejaa maneno. Mmoja aliandika, "Ni uzembe." Mwingine akaandika, "Ana kisasi na wenzake." Wa tatu akaandika kwamba amewahi kufanya hivyo hivyo Mwanza. Felisia hakuwahi kufanya kazi Mwanza. Mwisho Humphrey aliandika: "Jumapili tunapiga kura. Atolewe kwenye chama."

Careen alimkuta mama yake ameketi kitandani.

"Mama, wenzangu wanasema umeharibu nguo za watu. Ni kweli?"

Felisia alimvuta mtoto kifuani. Didas akasema, "Turudi nyumbani tu, Felisia. Watu wameshaamua."

"Tukiondoka sasa, watasema nimekimbia," Felisia alijibu. "Sitaki mwanangu akue na jina hilo."

Jirani yao Loyce aligonga mlango. Loyce alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kwa ufadhili. Alikuwa anasoma historia ya sheria. Alikuwa amesoma maneno yote kwenye kundi.

"Pole, dada," alisema. "Nataka kukuuliza jambo moja. Kuna mtu yeyote aliyekusikiliza?"

"Hakuna. Wanataka kupiga kura."

"Kura ya watu wenye hasira si hukumu," Loyce alisema. Akaketi. "Ngoja niwaambie Waingereza walikotoka katika kuhukumu. Zamani kule, mtu akishtakiwa, wakati mwingine alibebeshwa chuma cha moto. Mkono ulifungwa kitambaa. Baada ya siku chache waliufungua. Kidonda kikiwa kimeoza, walisema ana hatia."

Careen alifumba macho. "Na kama hakufanya kosa?"

"Moto haujui nani kakosa, mwanangu. Wengine walitupwa majini. Akizama, hana hatia. Akielea, ana hatia."

"Sasa akizama si anakufa?" Didas aliuliza.

"Walimvuta kwa kamba, wakiwahi. Mwaka 1215 Kanisa liliwakataza mapadri kubariki mambo hayo. Mahakama zikakosa njia ya kupata hukumu. Ndipo zikawategemea zaidi watu wa kawaida, majirani walioapa kusema kweli. Kwa kawaida walikuwa kumi na wawili. Hao ndio waliokuja kuitwa juri."

"Majirani?" Felisia alitikisa kichwa. "Majirani zangu ndio hao wanaonitukana."

"Umegusa penyewe," Loyce alisema. "Mwanzoni juri walikuwa watu waliokwisha kuijua habari. Walikuja na walichosikia mtaani. Ilichukua miaka mingi sana kubadilika. Polepole ikawa juri waje bila upande wowote, wawasikilize mashahidi mbele ya watu wote, ndipo waamue. Kwetu Tanzania tunawajua wazee wa baraza, wanaompa jaji maoni. Juri ya Kiingereza yenyewe ndiyo inayoamua kama mtu ana hatia au hana."

Felisia aliinua uso. "Basi na mimi nataka watu wa namna hiyo. Wasiwe rafiki zangu. Wasiwe adui zangu. Wanisikilize tu."

Kesho yake Loyce, Felisia na Didas walikwenda kwa Humphrey. Mwenyekiti alikuwa anakunja nguo zilizoharibika. Alikuwa na uchungu.

"Sisi si mahakama," alisema.

"Kweli, si mahakama," Loyce alikubali. "Kesi za sheria zina wenyewe katika nchi hii. Lakini mnataka kumtoa mtu kwenye chama chenu, na hilo ni hukumu. Chagueni watu kumi na wawili wasio na mzigo katika stoo. Wanafunzi na wafanyabiashara, Waislamu na Wakristo. Wao wasikilize."

"Na wakimwachia? Atakayemtetea akatafute kontena lake!"

Loyce hakupandisha sauti. "Kaka Humphrey, mwaka 1670 kule London wahubiri wawili walishtakiwa kwa kuhubiri barabarani. Wakuu walitaka wafungwe. Juri ikakataa kusema wana hatia. Watu wa juri wakafungiwa bila chakula, bila maji, bila moto. Wakakataa tena. Wakatozwa faini, wakapelekwa gerezani. Mmoja wao, Bushell, alipeleka shauri mbele ya majaji wakubwa. Majaji wakasema mjumbe wa juri asiadhibiwe kwa hukumu yake. Kama unawatisha watu hawa, usiwaite kabisa. Amua peke yako, na watu wajue ni wewe uliyeamua."

Humphrey aliweka chini gauni alilokuwa analikunja. "Mimi sitaki kuonea mtu," alisema. "Haya. Waje. Sitamgusa yeyote."

"Na mtu mmoja aandike kila neno litakalosemwa," Loyce aliongeza.

"Kwa nini kila neno? Si tutakumbuka?"

"Kila mtu hukumbuka linalompendeza. Waingereza nao waliliona hilo. Zamani kumbukumbu rasmi za mahakama zao ziliandikwa kwa Kilatini, na zilieleza machache tu. Tangu karne ya kumi na tatu wakatokea watu waliokaa mahakamani na kuandika hoja za mawakili na majaji, kwa Kifaransa cha sheria. Wengi wanaamini wanafunzi wa sheria walijifunza kutokana na maandishi hayo. Baadaye, miaka ya 1700, waandishi wa hatimkato waliandika maneno ya mashahidi kwa kasi, na kesi zikachapishwa. Mtu ambaye hakuwepo aliweza kusoma na kujua kilichosemwa."

Jumapili watu walijaa katika ukumbi wa mgahawa mmoja wa Huanshi Zhonglu. Majina ya wasio na mzigo yaliwekwa kwenye mfuko, yakachaguliwa kumi na mawili. Walimteua Rozina, mfanyabiashara wa simu kutoka Moshi, awe msemaji wao. Kila mmoja aliapa kwa imani yake. Loyce hakutaka kuongoza kikao. "Mimi ni jirani yake," alisema. Akaongoza Dorothea, mwanafunzi wa udaktari. Calvin, mwanafunzi aliyejua kuchapa haraka, alikaa na kompyuta yake. Alimsimamisha anayesema kila alipoachwa nyuma.

Felisia alisimama kwanza.

"Jumatano jioni nilipiga deki. Maji yalikuwa yanatoka vizuri. Nilifunga bomba, nikafunga mlango. Alfajiri nilikwenda Shisanhang. Sikurudi mpaka mchana."

Akaitwa Pius. Alieleza kwamba alimwona Felisia na ndoo Jumatano jioni. Alhamisi asubuhi yeye alileta robota lake.

"Uliingia ndani ya stoo?" Rozina aliuliza.

"Hapana. Nilifungua mlango, nikalisukuma robota, nikaishia hapo hapo mlangoni."

Abdulwakil, mwanafunzi kutoka Zanzibar, alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili. Aliinua mkono. "Ndugu yangu, asubuhi hiyo sakafu ilikuwa imelowa?"

"Hapana, pakavu kabisa," Pius alisema. "Hata maji yenyewe hayakuwepo. Nilitaka kunawa mikono, nikakosa."

Rozina aliinama mbele kidogo.

"Kaka Pius, bomba liko wapi?"

"Kwenye kona. Nyuma ya marobota."

"Ulijuaje kwamba maji hayapo, kama uliishia mlangoni?"

Pius alijibu haraka, "Nilisikia watu wakisema maji yamekatwa."

"Umesema ulitaka kunawa mikono."

"Mimi? Sikusema hivyo."

Watu wakaanza kubishana. "Amesema!" "Hakusema!" "Mnamwonea!" Dorothea alipiga meza kwa kiganja. Akamgeukia Calvin. "Tusomee."

Calvin alirudi nyuma kwenye maandishi yake. Akasoma polepole, neno kwa neno: "Hapana, pakavu kabisa. Hata maji yenyewe hayakuwepo. Nilitaka kunawa mikono, nikakosa."

Hakuna aliyebisha tena. Pius alitazama sakafu. Kisha akakaa, akafunika uso kwa mikono.

"Niliingia," alisema. "Mikono ilikuwa na vumbi la kamba. Nilifungua bomba, halikutoa hata tone. Simu ikaita, nikatoka nikiongea. Sikulifunga. Mchana maji yaliporudi, nilijua. Lakini wote mlikuwa mnamwangalia Mama Careen. Niliogopa. Nikasema lile la ndoo."

Didas aliruka kutoka kwenye kiti. Felisia alimshika mkono. "Acha," alimwambia. "Wenye kuamua wapo."

Wale kumi na wawili waliingia chumba cha pili. Hawakukaa sana. Walipotoka walisimama wote kwa mstari. Rozina alisema kwa sauti kubwa:

"Sisi sote, bila hata mmoja kupinga, tunasema Felisia hana hatia."

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Wanawake walimzunguka Felisia. Wakenya waligonga meza, Wakongo wakaanza kuimba. Careen alipenya katikati ya miguu ya watu mpaka akamfikia mama yake, akamkumbatia kiunoni. Felisia alilia, na safari hii hakujificha.

Humphrey alipanda juu ya kiti. "Mama Careen, nilikuhukumu kabla ya kukusikia. Naomba radhi mbele ya watu wote niliowaandikia."

"Nimepokea, mwenyekiti," Felisia alisema. "Na huyu Pius naye tumsikilize. Bomba alilisahau, hilo lingeweza kumpata yeyote kati yetu. Lakini uongo wake aueleze, kisha arekebishe."

Pius alikubali. Wiki nzima alifua, akaanika na kupiga pasi nguo zilizoweza kuokolewa. Watu wengi walikuja kumsaidia, na Felisia mmoja wao. Yeye ndiye aliyejua rangi ipi itavumilia maji ya moto na ipi haitavumilia.

Siku chache baadaye uvumi ulizuka katika jengo la jirani. Ulisema Felisia ameachiwa kwa kuhurumiwa tu, na Pius amelazimishwa kukiri. Calvin hakugombana na mtu. Alituma maandishi ya kikao kizima kwenye kundi. Waliokuwepo wakasoma wakakubali. Wasiokuwepo wakasoma wakaelewa. Uvumi ukafa siku ile ile. Baada ya hapo chama kiliweka kanuni: hakuna mwanachama atakayetolewa kabla ya kusikilizwa na watu wasiohusika, na kila neno litaandikwa.

Kontena lilipakiwa, likaondoka Huangpu. Biashara ikaendelea.

Miezi ilipita. Kisha Odhiambo, Mkenya muuza vipuri, akashutumiwa kwamba anawachongea wenzake kwa mwenye jengo la maduka yao ili wafukuzwe. Kundi la WeChat likawaka moto kama zamani. "Huyo ni msaliti!" mtu aliandika. "Atoke leo leo!"

Safari hii Humphrey aliandika maneno machache tu: "Tukutane Jumapili. Leteni mfuko wa majina."

Jina la tatu kutoka kwenye mfuko lilikuwa la Felisia. Alikwenda mbele, akaapa, akakaa kwenye kiti chake kati ya wale kumi na wawili. Odhiambo alisimama mbele yao, hajui aanzie wapi. Watu nyuma walikuwa wananong'ona.

Felisia aligeuka, akawatazama mpaka wakanyamaza. Kisha akamwambia Odhiambo kwa upole:

"Sema, kaka. Tunakusikiliza."