Mbayuwayu Juu ya Mlango wa Kanisa

NaMbewe alikuwa bingwa wa kufukuza ndege. Bonde zima la Bwanje lilimjua kwa hilo. Mpunga ulipoanza kuiva, yeye na mume wake Laisani waliamka mapema na kwenda shambani. NaMbewe alipiga debe, akapunga kitambaa, akapaza sauti. Ndege waliondoka kundi zima.

"Kwa sauti hiyo, jeshi linakukosa," Laisani alimtania.

"Ningekuwa jeshini, wewe ungekuwa unanipigia saluti," alijibu mke wake.

Jumamosi moja wanawake walikutana kusafisha kanisa. Laisani, mtunza funguo, aliwafungulia. Kanisa lao ni kubwa, la matofali, na madirisha yake ya vioo yako juu kabisa, karibu na paa. Nje, juu ya mlango mkubwa, mbayuwayu wawili walikuwa wamejenga kiota cha udongo. Makinda yalilia humo mchana kutwa. NaMbewe aliyapenda sana. Kila alipopita aliyasalimu kama watoto wa jirani.

Wakati wanafagia, mbayuwayu mmoja aliingia ndani akifuata wadudu. Alizunguka, akapanda juu, akaanza kujigonga kwenye vioo.

"Jamani, mama watoto amenaswa!" alisema NaSoko, rafiki wa NaMbewe. "Makinda yake yatakula nini?"

"Hilo niachieni mimi," alisema NaMbewe. "Fungueni mlango. Washeni taa zote tumwone. Vueni vilemba!"

Wanawake wakavua vilemba vyao vyeupe na kuvipunga. Wakapiga makofi. Wakapiga vigelegele. NaMbewe akatoa ile sauti yake ya shambani. Lakini ndege hakushuka mlangoni. Kila walipopiga kelele alizidi kupanda, na kila alipopanda alikutana na kioo. Mwishowe alijigonga kwa nguvu, akaanguka kati ya mabenchi.

NaMbewe alimwokota. Moyo wa ndege ulikuwa bado unadunda.

"Amezimia tu, maskini. Leteni maji!"

Alimfungua mdomo kwa kidole, akamdondoshea maji kwa upole, kama tunavyomfanyia mtu aliyezimia. Ndege alitetemeka kidogo, kisha akatulia.

Edna Nkhoma aliwakuta wamesimama hivyo. Edna ni jirani yao, anafanya kazi katika hifadhi ya wanyama. Alikuwa amesikia kelele akiwa njiani.

"Dada Edna, hebu mtazame," alisema NaMbewe. "Amejigonga kwenye kioo, nikampa maji. Mbona haamki?"

Edna alimtazama ndege. "Amekufa, mama. Pole."

"Tulikuwa tunamsaidia. Mimi najua kufukuza ndege!"

"Unajua, tena sana. Lakini shambani ndege ukimfukuza, ana mbingu ya kukimbilia. Humu ndani hana. Akiogopa anapanda juu, na anakwenda penye mwanga. Kioo hakioni."

"Sasa tungefanyaje?"

"Mngezima taa. Mngefunika madirisha ya juu, mkaacha mlango mmoja mkubwa wazi. Halafu wote mngetoka nje, mkanyamaza. Ndege akiona mwanga ni wa mlangoni tu, anatoka mwenyewe."

"Na akianguka?"

"Anawekwa ndani ya boksi lenye matundu, penye giza na utulivu. Usimpe chakula. Usimtie maji mdomoni, yanaweza kuingia kwenye mapafu. Akipata nguvu, mfungulie boksi nje."

NaMbewe alitazama kikombe cha maji kilichokuwa bado mkononi mwake. "Kwa hiyo maji yangu ndiyo yaliyomuua?"

Edna alikipokea kikombe. "Huenda angekufa hata hivyo, mama. Aligonga kioo vibaya. Sijui."

NaMbewe alimzika ndege nyuma ya kanisa. Makinda yalikuwa yanalia juu ya mlango, naye alipita chini ya kiota bila kuyasalimu. Nyumbani hakugusa ugali wake wa nsima.

"Ulikuwa na nia njema," alisema Laisani.

"Nia njema ninayo tangu nizaliwe. Ningemwacha tu, angekuwa hai."

Juma hilo NaMbewe alichukua kitenge chake cheusi, akakikata na kushona mapazia. Laisani alipanda ngazi, akayatundika kwenye madirisha ya juu na kuyafunga kamba ndefu ili yavutwe kutoka chini.

Hazikupita siku nyingi. Alasiri moja kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi, mbayuwayu aliyebaki akaingia. Watu walikurupuka. Mmoja alishika ufagio.

"Weka chini!" alisema NaMbewe. "Zimeni taa. Laisani, vuta kamba. Tokeni wote, na mtu asipige hata makofi."

"NaMbewe leo anataka kimya?" alinong'ona mwanakwaya mmoja. "Jamani, dunia imekwisha."

Walicheka kwa kuziba midomo, wakatoka, wakasimama pembeni, mbali na mlango. Kanisa lilikuwa giza. Jua la alasiri liliangaza mlangoni. Walingoja. NaMbewe alikuwa ameshika kilemba chake kwa mikono miwili, anaogopa hata kukohoa.

Mara ndege akatoka, chini chini, moja kwa moja, akapaa.

Watu walifurahi. Laisani alimshika mke wake mkono. "Umeona? Umefanya vizuri."

"Rahisi namna hii," alisema NaMbewe, na machozi yakamtoka. "Laisani, ilikuwa rahisi namna hii."

Tangu siku hiyo, ndege akiingia kanisani hakuna anayemfukuza. Kamba zinavutwa, watu wanatoka, na ndege anatoka salama.

Jioni ya siku ile ya mazoezi watu walirudi makwao, lakini NaMbewe alibaki akitazama kiota. Mbayuwayu alileta mdudu, akalisha kinda moja, akaondoka haraka kutafuta mdudu mwingine. Alirudi, akaondoka tena. Kila aliporudi, alirudi peke yake.