Trei Isiyokuwepo

Mashine ya kutotolesha vifaranga ilikuwa na trei nne, lakini kilio kama cha kifaranga kilitoka chini ya ile ya mwisho, mahali palipokuwa na sakafu tu. Loyce alikisikia mchana kweupe, akasema ni panya. Dada yake Febronia aliinama kusikiliza. Tangu wamzike mwanawe mchanga hakuwa na maneno. Wanawake wa kijiji chao cha Mgori walimkataza kulia, eti kumlilia kichanga hufunga kizazi. Nani aliwapa mizani ya kupimia machozi ya mtu? Febronia alimeza, akapewa kazi ya kugeuza mayai.

Loyce alisomea kompyuta chuoni, na programu ya mashine hiyo aliiandika mwenyewe, kwa lugha ya C. Ndani yake aliweka pointa, akaiita p. Pointa haibebi joto; hubeba anwani ya trei, kama mtu anayeonyesha nyumba kwa kidole. Alitaka joto la trei inayoonyeshwa lipande, akaandika *p++: nyota ni kilichomo kwenye anwani, ++ ni kuongeza moja. Na kwa kuwa umeme wa kijijini hukatika ovyo, aliiagiza mashine ikumbuke kidole kilipoishia, isianze upya.

Mayai yakapoa. Chumba kikaanza kunuka maziwa yaliyochacha na udongo mbichi, harufu ambayo mama yao aliitambua akatoka nje bila viatu, na kilio kikaacha kuwa cha kifaranga, kikawa chembamba, cha kukatika na kuvuta pumzi, na Febronia akahamishia mkeka wake pale chini, akawa analala ubavu, titi wazi, akiitazama sakafu kama mtu anayesubiri maji yachemke.

"Dada, toka hapo," Loyce alimnong'oneza.

"Ana baridi," Febronia alisema. "Nyie mnapasha mayai."

Loyce alifungua kompyuta, akaona. Bila mabano, ile ++ huishika p kwanza. Joto halikupanda hata chembe. Kilichosogea ni kidole, trei hadi trei, kikaipita ya mwisho, kikaenda kuonyesha mahali pasipo pa mtu. Na huko, kitu kilichoonyeshwa kikaitika.

Kupitia dirisha alimwambia mama kwamba anakitoa kile kinacholia sasa hivi. Mama alimhimiza afanye haraka, akaendelea kusali kwa Kinyaturu. Loyce akaweka mabano: (*p)++. Sasa kitakachopanda ni kilichomo, na kidole hakitasogea tena. Akawasha mashine.

Kilio kikakoma. Mama akamshukuru Mungu. Loyce alikaa chini, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba kidole hakukirudisha kwenye trei ya kwanza. Kilikuwa bado kulekule kilikofika, kimetulia, na joto likipanda.

Febronia aliuvuta mkono wa mdogo wake, akauweka juu ya kanga iliyoviringwa kifuani pake. Ilikuwa ya moto, na ilikuwa nzito.

"Umeona?" alisema. "Sasa ananyonya."