Viti vya Mwenye Duka

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, msichana mmoja alichota maji huku bibi yake akifagia ua. Ukame ulikuwa umewamalizia mbuzi wote, na chakula cha mchana kilikuwa cha kubahatisha. Asubuhi hiyo, baada ya maji, alipewa kazi ya kubeba viti.

Afisa wa ustawi alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuchagua familia zitakazopewa fedha za msaada mpaka mvua irudi. Bibi alishikilia kwamba mgeni hakalishwi chini. Jirani yao mwenye duka, mtu asiyetoa hata chumvi bure, akajitolea ghafla kuwaazima viti vyake vya mito, meza ya kioo na redio. Bibi alimshukuru mpaka machozi yakamlengalenga.

Afisa aliingia, akaketi, akatazama huku na huku. Akasema kwa upole kwamba hapa angalau pana nafuu. Bibi akanyamaza, maana kumweleza mgeni shida zake aliona ni kujidhalilisha. Roho ikamuuma mjukuu wake.

Akamfuata afisa hadi kwa mwenye duka. Sebule ilikuwa tupu! Mwenye duka, na kitambi chake, alikaa mkekani kwa shati lililochanika, akilalamika kwamba ukame umemfilisi. Hapo msichana akaelewa ule wema ulitoka wapi. Hasira zikampanda.

"Mama, viti ulivyokalia kwetu ni vya huyu mzee," alisema. "Sisi hatuna hata kigoda. Jana tulilalia uji mwepesi."

"Mtoto huyu hana adabu," mwenye duka akafoka.

"Basi turudi kwa bibi yake tukamuulize," afisa akajibu.

Bibi aliinamisha kichwa, kisha akasema kweli yote. Afisa akamwandikisha papo hapo na kumkatalia mwenye duka, ambaye alirudisha vitu vyake kimoja kimoja, mchana kweupe, majirani wakimkodolea macho.

Msichana aliomba radhi kwa kuanika mambo ya nyumbani.

"Usiniombe radhi, mjukuu wangu," bibi alisema. "Nilificha njaa yangu ili nionekane mtu, kumbe namsaidia mwizi. Kukosa si aibu. Aibu ni kula haki ya mwenye njaa. Ukiona hivyo sema, hata kama mimi nimenyamaza."