Tingatinga la Vestine

"Wewe dada! Toka hapo! Unataka kufa?"

Sauti ilitoka juu ya tingatinga la jeshi lililokuwa likiondoa ukuta ulioanguka katikati ya barabara, pale Biryogo, mjini Kigali, asubuhi moja ya Oktoba 1994. Watu walikuwa wamejaa pande zote mbili, wauza mandazi, wazee waliotoka msikitini, kina mama wenye mabeseni kichwani. Wote walisimama mbali. Msichana mmoja tu, katika gauni la kitenge cha manjano, alikuwa amechutama kando ya mnyororo wa chuma wa mashine ile, anaupima upana kwa futi ya fundi cherehani.

Dereva alizima injini akaruka chini. Alikuwa kijana mrefu, sare yake imepauka, vumbi jekundu limemjaa hadi kwenye nyusi.

"Unalishonea suruali?"

Watu waliangua kicheko. Msichana naye alicheka, lakini hakuinuka.

"Nataka kulitengeneza. Dogo, la kuweka mezani. Wewe unaitwa nani?"

"Mugenzi."

"Mimi Vestine. Nashona pale kwa shangazi yangu. Afande Mugenzi, nimetazama sana, sioni usukani. Linageukaje?"

"Hiyo habari iko lefu."

"Lefu au ndefu?"

Mugenzi alishika kiuno. "Nimekulia Uganda, mama. Kiswahili nimekikuta jeshini."

"Mimi nimekulia Bujumbura, Buyenzi. Kule ukisema 'lefu' watoto wanakufuata barabarani. Basi njoo dukani unieleze hiyo habari."

Alikuja siku iliyofuata, suruali imechanika gotini. Wiki ile alichanika pia mfuko, kola na mkono wa shati. Shangazi Joselyne, mwenye duka, alimtazama juu ya miwani yake.

"Jeshi hili litabaki uchi," alisema. "Vestine, mshonee huyu kitu ambacho hakichaniki."

Vestine hakusikia. Tangu utotoni kitu chochote chenye kutembea chenyewe kilimnyima usingizi. Cherehani ya baba yake aliifungua yote, skrubu kwa skrubu, ili ajue sindano inashukaje, na kabla baba hajarudi alikuwa ameifunga tena. Sasa chini ya meza ya kukatia alikuwa na tingatinga la bati, alilolikata kutoka makopo ya mafuta ya msaada. Kila mita ya lile kubwa ilikuwa sentimita tano kwake. Minyororo aliijaribu kwa zipu ya hema, ikateleza. Akaanza upya, akakata vipande vidogo vya bati na kuviunganisha kimoja kimoja kwa waya mpaka vidole vikatoka damu.

"Leta mikono," Mugenzi alimwambia siku moja. Alizishika ngumi mbili za Vestine juu ya meza. "Hii ni mnyororo wa kushoto, hii wa kulia. Nikizuia huu wa kushoto, hivi, na wa kulia ukaendelea..." Alizisogeza polepole. Mwili mzima wa Vestine uligeuka juu ya kigoda mpaka wakatazamana.

"Ndivyo linavyogeuka?" Vestine aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ndivyo linavyogeuka, mpenzi."

Neno lilimtoka tu. Hakuna aliyelirudisha.

Jumapili Vestine alimwalika aje kuona kazi iliyokwisha. Alivaa gauni la buluu lenye mabega mapana, akapika chai ya maziwa, akaweka tingatinga juu ya sinia lililojaa udongo mwekundu. Lilikuwa kamili. Lilikuwa na kiti cha dereva, taa, hata ngazi ya kupandia. Bamba la mbele aliliunganisha na mabomba mawili ya sindano yaliyojaa maji.

"Tazama linavyoshuka!" Alibonyeza bomba. Bamba lilishuka, likazama kwenye udongo, likausukuma, na nyuma yake likabaki shimo refu.

Mugenzi aliweka kikombe mezani. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nina kazi," alisema.

"Jumapili? Mugenzi, sha, mpenzi wangu, hata chai hujanywa!"

Alikwisha toka.

Siku chache baadaye Vestine aliitwa dukani kwa Kamanzi, jirani yao, ambako simu ilikuwa imerudi kufanya kazi. Mugenzi alikuwa kwenye laini. Alikimbia na sindano bado iko mdomoni.

"Vestine, tumehamishiwa Niboye. Usinitafute."

"Una mke?"

"Sina."

"Nimekukosea? Nilikuchosha kwa maswali?"

"Hapana, mpenzi. Maswali yako ni..." Laini ikakatika.

"Huyo ana mke Kampala," shangazi aliamua Vestine aliporudi.

"Amesema hana."

"Wote husema hivyo."

Lakini Vestine hakuwa mtu wa kulala na jambo asilolielewa. Asubuhi alipanda pikapu ya wauza mkaa hadi Niboye, upande mwingine wa mji, akaifuata ngurumo ya injini mpaka akalikuta tingatinga kando ya barabara iliyobomoka. Mugenzi alikuwa amekaa kivulini mwake anakula muhindi wa kuchoma.

"Nieleze," Vestine alisema, akakaa chini na gauni lake zuri. "Nitanyamaza."

Akanyamaza kweli. Mugenzi aliuweka muhindi kando.

"Mwezi wa saba, baada ya yale mauaji, tulipewa kazi ya kuchimba," alisema. "Pa kuzikia watu. Wengi, Vestine. Waliobaki hai walisimama pembeni wananitazama. Nilikuwa nikifukia, nashusha bamba polepole, polepole kabisa, kana kwamba walio chini wangeumia. Kisha wewe umelishusha juu ya sinia, unacheka."

Vestine alifunika mdomo. Kati ya maswali yote aliyouliza Kigali, lilikuwapo moja ambalo hakuwahi kuthubutu kumwuliza mtu.

"Mama yangu mdogo alikuwa akiishi hapa mjini," alisema. "Hatujamwona. Sijui amelala wapi." Machozi yalimshuka, hakuyafuta. "Kama alizikwa, naomba awe alizikwa na mtu aliyeshusha bamba polepole."

Mugenzi alimvuta kwake. Walilia pamoja mchana kweupe, wapita njia wakiwaona, na mjini kote wakati ule hakuna aliyeshangaa kuona watu wakilia.

"Nitalivunja lile dogo," Vestine alisema baadaye.

"Usilivunje. Niliondoka sijaona linavyogeuka." Alimpangusa uso kwa kidole chenye vumbi, akamwachia mstari mwekundu shavuni. "Baba yako huko Buyenzi anapatikana wapi?"

"Kwa nini unauliza?"

"Leo maswali ni yangu."

Desemba Mugenzi alivuka mpaka kuingia Burundi na wajomba zake wawili kupeleka posa, amevaa koti la kuazima lililombana mabega. Baba yake Vestine aliwakaribisha, akasikiliza maneno yote ya wajomba, kisha akamgeukia kijana.

"Na wewe, unafanya kazi gani?"

Vestine, aliyekuwa ametangulia kurudi kwao, alisogeza sikio nyuma ya pazia.

"Natengeneza barabara, mzee," Mugenzi alisema.

Mzee alielekeza kidole mlangoni.

"Basi itengeneze mpaka hapa mlangoni," alisema, "binti yangu asipate taabu akija kutusalimu."